Misimu Miwili ya Timu ya Lindo

Siku yangu ya kwanza kwenye maghala ya Al Qusais, Dubai, Meneja alinipa tochi, filimbi na daftari. "Mzee Hamisi," akasema, "hapa mtu hatoki langoni mpaka mwenzake atie sahihi." Lindo, enyi vijana mnaolinda kwa kamera, ni sehemu aliyokabidhiwa mlinzi, na haiachwi hivi hivi. Meneja alizaliwa huko huko, kwa Wazanzibari waliohamia zamani. Alikuwa mkali, lakini Kiunguja chake kitamu hata akikugombeza.

Baadaye nikafanywa msimamizi, kazi ya kupanga zamu za walinzi kumi na wanane na kuzungukia malindo yote. Ndipo vijana wakanijia wakitaka timu ya mpira. Wengi walikuwa Wakristo wa bara, wachache wa pwani kama mimi. Walilala sita sita chumbani, na mazungumzo yao yalikuwa kazi na nyumbani tu, basi. Niliwaonea huruma, nikakubali kuwa katibu wao. Wangecheza Ijumaa alasiri, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Wakitoka kumi na mmoja, wanabaki saba. Malindo yalikuwa manane. Basi nikafanya ujinga wangu: lindo la nane, la langoni, nikalishika mwenyewe, na daftarini nikaandika kwamba ninazunguka. Kila baada ya mechi Wafula, nahodha wetu, alinipitia langoni.

"Mzee, leo ungeona pasi! Za Ulaya kabisa!"

Nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Msimu wa pili ukielekea mwisho, tukaambiwa tenda ya maghala haitaendelea. Wengine wangepelekwa Al Jaddaf, wengine wangerudi kwao. Ikabaki mechi moja, dhidi ya wapagazi wa Al Ras. Ijumaa hiyo, nimesimama zangu langoni, Meneja huyo!

"Mzee Hamisi, nani anazunguka?"

Kwa kosa dogo kuliko hilo, watu walishapandishwa ndege.

"Hakuna mtu, sir." Nikamweleza yote, hata uongo wa daftarini. Moyoni nikasema khalas, kazi imekwisha.

"Misimu miwili unawashikia lango?" akauliza.

"Ndiyo, sir."

"Na hujawaona wakicheza?"

"Hata mara moja."

Akanipokonya daftari, akatia sahihi chini ya yangu. "Lindo nimelipokea. Huo uongo tutauzungumza Jumamosi. Yalla, nenda!"

Nilikimbia na mabuti yangu, mzee mzima, nikafika kipindi cha pili. Masalale! Kumbe hawajui mpira! Zile pasi za Ulaya zilikuwa zinaishia barabarani. Wafula alirusha mguu, akaukosa mpira, akakaa kitako mchangani. Tulikuwa tumeshafungwa manne. Nilicheka mpaka nikalia, maana niliwapenda vijana wale, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwa pamoja.

Kipa wetu akaniona. "Katibu! Katibu kaja!" Timu nzima ikauacha mpira, ikanikimbilia, ikaninyanyua juu juu. Wapagazi, bila haya, wakafunga la tano.

Jumamosi nilipewa onyo la maandishi, na nililistahili. Sasa nimestaafu, nipo Likoni, na wajukuu huniuliza nilipata nini Dubai miaka yote ile. Nawaambia tulifungwa tano bila, na sijawahi kufurahi namna ile.