Jogoo Kichwa Chini

"Umemgeuza jogoo wangu," alisema Kinyozi.

"Jogoo gani?"

"Usiniulize jogoo gani, Bi Pindo. Mwalimu ameondoka hapa akinihurumia. Sijahurumiwa vile tangu nilipong'olewa jino."

"Mimi nilikuwa nafunga gauni lake. Huyo jogoo wako ningemgeuza saa ngapi?"

"Mkono wa kulia ulikuwa unafunga. Wa kushoto ulikuwa unatambaa mezani kama panya aliyesikia harufu ya mkate. Nimeuona kwa macho yangu."

Bi Pindo alikuwa ameshafungua mdomo kukana, kisha akaona mkono wake wa kushoto uko wapi. Ulikuwa bado umelala juu ya karata. Akauondoa polepole, akaupa kazi ya kutafuta chaki.

"Mzee, karata ni makaratasi tu," alisema. "Hajafa mtu."

"Nani kasema kafa mtu? Nimesema nimeaibika. Tena nimeaibikia ndani ya nyumba yangu, kwa mkono wa mke wangu wa ndoa."

Walikuwa wawili tu sasa katika chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa chumba cha ushonaji: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ndefu ya kukatia, na nguo za wateja zimening'inia ukutani kama watu waliochoka kungoja. Bi Pindo, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa fundi ambaye pindo lake likishonwa leo, vitukuu vyako vitalirithi, hata kama gauni lenyewe limeshaoza. Mumewe alikaa upande wa pili wa meza, kati ya mkasi na vibiringo vya uzi, na mbele yake karata zimetandazwa migongo juu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi mpaka mtu anaona haya kuufundishwa. Mgongoni mwa kila karata palichorwa jogoo mwekundu. Unawapanga majogoo wote waelekee upande mmoja, vichwa chini. Mteja anachomoa karata moja, anaitazama kwa siri. Akiwa bado anaitazama, wewe unageuza pakiti taratibu, kama mtu anayejikuna tu, majogoo wote wakawa vichwa juu. Mteja anairudisha karata yake. Basi hata achanganye mpaka jasho limtoke, ukizitandaza utamwona jogoo mmoja tu aliyesimama kinyume na wenzake. Ni huyo. Hakutakiwi wepesi wa vidole wala dawa. Kunatakiwa uso mkavu na maneno mengi.

Mwalimu alikuja kuchukua gauni, akachomoa karata, akairudisha. Kinyozi akazitandaza mezani, akamwona jogoo wake kichwa chini, akatulia. Hakutaka kumaliza upesi. Akamwambia mwalimu kwamba yeye husoma karata ndani ya mboni za macho ya watu, na kwamba wakati fulani alisoma mboni za mtu mmoja akakuta humo karata, na nyuma ya karata deni la chumvi la jirani. Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. Kinyozi aliporudisha macho chini, majogoo wote walikuwa wima, wamenyooka kama askari wa gwaride.

Akakisia. "Tisa ya pau?"

"Umekaribia," alisema mwalimu kwa upole. Ilikuwa ree ya uru. Upole ule ndio uliomchoma.

"Afadhali niende," Kinyozi alisema sasa, akikusanya karata moja moja. "Kwa binti yetu hakuna wa kuninyooshea vitu vyangu."

"Nani kakushika? Begi lako si lile pale mlangoni?"

Neno lilimtoka Bi Pindo kabla hajalipima, naye ndiye mtu aliyepima kila kitu. Akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga bila kuweka kitambaa chochote chini ya sindano.

Begi lilikuwapo kweli. Binti yao alikuwa muuguzi mkuu wa wodi katika mji wa mbali, mwanamke ambaye madaktari wakimwona kwenye ukumbi huanza kutafuta vitu mifukoni ili waonekane wana shughuli. Mtaani wote walimwita Sista. Alikuwa amepiga simu. "Mama, wewe una kazi zako," alisema, "na Baba anahitaji mtu wa kumwangalia. Jumamosi nakuja kumchukua." Bi Pindo alimpa mumewe simu akitumaini atakataa. Kinyozi akasikiliza, akasema, "Sawa, mwanangu," akarudisha simu. Hilo tu. Siku ile Bi Pindo alishona zipu kwenye mkono wa shati, na mwenye shati akaja akalivaa, akaenda nalo, kwa sababu uso wa fundi haukuwa wa kuulizwa.

Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Angemwambia nini? Kama mtu anataka kwenda, utamfunga kwa uzi? Bi Pindo alijua kushona, kukata, kutarizi na kutukana kistaarabu, lakini maneno laini hayakuwahi kumtoka vizuri.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mumewe alikuwa kinyozi wa kunyoa ndevu za mbu bila kumwamsha. Alimnyoa mtu anayepiga chafya na asimkwaruze. Kuna bwana mmoja alitoka kwenye kiti chake cha kunyolea akiwa amenawiri hivi kwamba mbwa wake alimbwekea wiki nzima, bwana huyo akalala uani mpaka ndevu zilipoota. Kisha yakaja maradhi, yakaondoka, yakamwachia mkono wa kulia ukitetemeka kama jani. Wembe ukawekwa chini. Duka likafungwa. Kinyozi akahamia kwenye kiti cha kona ya chumba cha mkewe, mkono mfukoni, akawa mtu wa kuitikia salamu na kunyamaza. Wateja walizoea kumpita kama wanavyopita mwavuli siku isiyo na mvua.

Karata zililetwa na fundi umeme. Alikuja kutengeneza soketi iliyokuwa ikitoa cheche, na kwa vile alikuwa akinyolewa na Kinyozi tangu ndevu yake ya kwanza, alikataa kuondoka kabla ya kupiga soga. Akachomoa pakiti kwenye mkoba wa vifaa, humo humo kati ya koleo na bisibisi.

"Mzee wangu, chukua moja."

"Sichezi karata mimi. Mkono huu hauna kazi."

"Hii haitaki mkono. Mimi mwenyewe vidole vyangu vimepigwa na umeme mara nyingi hata nikishika kijiko kinawaka."

Akamfundisha mchezo wa kwanza: unachungulia karata ya chini kabisa ya pakiti, unaikumbuka. Mtu anaweka karata yake juu ya pakiti, unamwambia akate pakiti, sehemu ya chini aiweke juu ya ile ya juu. Sasa ile unayoijua imekaa mgongoni kwa yake. Ukizifunua moja moja, ukiiona unayoijua, inayofuata ni ya kwake. Kisha akamfundisha wa jogoo. Alipoondoka aliisahau pakiti, au alijifanya ameisahau.

Kwanza karata zilikuwa zikimwagika sakafuni, na Bi Pindo alizizoa bila kusema. Mkono ulikuwa umetoka mfukoni, na hakutaka kuutisha. Kisha Kinyozi akagundua kitu: hakuna mtu anayeushuku mkono unaotetemeka. Watu huutazama kwa huruma, halafu kwa adabu wanatazama pembeni, na huko pembeni ndiko wanakoibiwa karata. Na maneno aliyokuwa akiwaambia watu kwenye kiti chake cha kunyolea, uongo wote ule mtamu, ulikuwa bado umo tumboni, haujapungua hata kidogo. Mwenye duka la mafuta ya taa alikuja kupunguziwa suruali, akakaa mpaka mkewe akaja kumtafuta. Mke naye akachomoa karata.

Bi Pindo aliacha kukanyaga.

"Ni mimi," alisema, mgongo umemwelekea mumewe.

"Wewe nini?"

"Niliyemgeuza. Sikujua kama nimemgeuza. Ni mkono." Akageuka na kiti. "Kitambaa chenye maua ukikikata vibaya, mtu anavaa maua yaliyoning'inia kichwa chini kama popo. Umri wangu wote nimekuwa nikiyasimamisha maua, ndege, na mananasi. Kitu kikilala kinyume na wenzake mkono unakwenda wenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya mtu benki, simjui wala hanijui, nikamgeuzia kola."

"Akasemaje?"

"Akanishukuru. Akadhani ni mdudu."

Kinyozi alijaribu kubaki na hasira yake. Alikaza mdomo, akatazama dari, lakini mabega yakamsaliti, yakaanza kucheka kabla yake.

"Hata foronya," alisema.

"Hata foronya."

"Nikiamka usiku nakukuta unaigeuza chini ya kichwa changu, ili maua yasimame. Nilidhani ni mapenzi."

"Ni maua," alisema Bi Pindo. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na hayo mengine pia."

Alikuja akakaa mbele yake mezani, mahali wanapokaa wateja. Kinyozi alipanga majogoo. Ilimchukua muda, maana mkono ulikuwa na siku yake mbaya, na Bi Pindo akaikalia mikono yake mwenyewe ili isimsaidie.

"Chukua moja," Kinyozi alisema. "Itazame. Usiniambie."

"Nitakuambiaje na nimeshajua unavyofanya?"

"Mteja huwa habishi."

Alichomoa saba ya kopa, akaiangalia, akairudisha. Alimwona waziwazi anavyogeuza pakiti, akamwona anavyojikuna ili ageuze, na hata hivyo alipozitandaza na kuanza kumwambia kwamba ndani ya mboni zake anaona bibi mmoja mkali aliyemeza sindano, Bi Pindo alisahau kutazama karata. Alimtazama yeye. Haikuwa mara ya kwanza kwake kusikia ule uongo wa mboni. Ndio aliotongozewa.

"Saba ya kopa," Kinyozi alisema.

"Umeibia."

"Nimeibia sana."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Unajua kwa nini nilijifunza haya?" aliuliza Kinyozi, akichezea pembe ya karata. "Mwenzangu unadhani napoteza wakati. Wateja wako walikuwa wanakaa hapa wakingoja, wanaona huna msaidizi, wanaona mzee pale kona amenuna kama kufuli. Wanakwenda kwa fundi mwingine. Mtu anayecheka haondoki. Nikasema, walau nitawakalisha. Nitakuwa na kazi humu ndani, nisiwe mzigo."

"Mzigo wa nani?"

"Wako. Sista alisema una kazi nyingi. Nikajua ni wewe umemwambia."

Bi Pindo alimtazama kama mtu aliyekuta shati lake mwenyewe limeshonwa ndani nje na amelivaa mwaka mzima. "Mimi nimwambie nini? Nilikupa simu ukatae. Wewe ukasema sawa."

"Nilisema sawa kwa sababu ulinipa simu."

"Nilikupa simu kwa sababu nilitaka ukatae."

"Ungesema."

"Ungesema wewe. Wewe ndiye mwenye mdomo. Umemwambia mwalimu kuna deni la chumvi kwenye macho ya mtu, mimi mkeo unashindwa kuniambia hutaki kwenda?"

Mkono wa Kinyozi ulikuwa ukitetemeka juu ya meza na majogoo wakawa wanatikisika nao. Bi Pindo aliweka wake juu yake. Hakuunyoosha wala kuubana, akauacha utetemeke, na wake ukawa unatetemeka pamoja nao.

"Usiende," alisema. Lilimkwaruza likitoka, lakini lilitoka. "Nikishona peke yangu nitaongea na cherehani. Na cherehani haitanung'unika kama wewe."

"Sitaki kwenda."

"Haya."

"Haya."

Kinyozi akatazama begi pale mlangoni, halafu akatazama saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika.

"Lakini nani atamwambia Sista?"

"Wewe ni baba yake."

"Wewe ni mama yake. Mimi namwogopa."

"Mimi pia namwogopa," alisema Bi Pindo. "Mara ya mwisho alinipima presha bila kuniomba ruhusa."

"Basi tumwambie pamoja. Mwambie wewe kwanza kwamba nina kazi hapa."

"Nimwambie kazi gani? Karata?"

"Usiseme karata. Sema nahudumia wateja."

"Atauliza unahudumiaje."

"Akiuliza, mimi nitaingilia kati, nitamwambia achukue moja. Wewe anza tu, polepole, mkaribishe, muulize habari za safari, halafu ukimwona ameshakaa ndiyo useme baba yako na mimi tumeon..."

Mlango ukafunguka. Sista alikuwa amesimama kizingitini na funguo za gari mkononi. Aliliangalia begi, akawaangalia wazazi wake na mikono yao iliyopandana katikati ya majogoo.

"Shikamooni," alisema. "Mmeona nini?"

Kinyozi akazikusanya karata, akamnyooshea. "Chukua moja, mwanangu."