Siku Mama Mkwe Aliponivuta Kutoka Chini ya Gari

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kukaa kwetu Handeni kumtunza mzazi. Alishuka kutoka Dindira, kule juu milimani, akapanda gari la abiria hadi Korogwe, na mimi nikaenda kumpokea kituoni kwa kigari changu. Hadi siku ile nilikuwa nimemwona mara tatu tu: siku ya posa, siku ya ndoa, na siku ya msiba mmoja wa upande wao. Mara zote tatu nilimwona kwa mbali.

Nyumbani kwetu Kang'ata nililelewa kwamba mama mkwe ni mtu wa kupisha. Humpi mkono, huli naye, humkazii macho. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayeingia majanini. Kwao walilelewa vivyo hivyo, kwa hiyo pale kituoni tulielewana bila maneno. Nilisema shikamoo nikiwa nimeinama, akaitika marahaba baba huku ameuvuta ushungi, kisha akapanda kiti cha nyuma yeye na ndizi zake, mapeasi yake na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mimi nikakaa mbele peke yangu kama dereva wa mkuu wa mkoa.

Njia nzima hatukuzungumza. Kilichozungumza ni gari. Bomba la moshi lilikuwa limeachia kwenye kishikio chake, na kila tulipopita tuta liligonga chini, ko! ko! ko! Kuku akishtuka, na mimi natamani barabara inimeze. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema neno lake la kwanza la safari.

"Gari lako linalia, baba."

"Ndiyo, mama. Nitalitengeneza."

Basi. Lakini maneno yale yalinikaa moyoni. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo. Si fundi, ila nilikuwa nimeshabadilisha plagi na kufunga breki mara mbili tatu, nikajiona ninaweza. Na kusema kweli nilitaka mama yule akirudi kwao awaambie kwamba binti yake ameolewa na mwanamume anayejua kushika spana.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilivaa kaptula ya kazi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, ila asubuhi ile jua lilitoka na udongo mwekundu wa uani ulikwishaanza kukauka juu. Pembeni tulikuwa na sakafu ya zege, ngumu na sawasawa, niliyomwaga kwa ajili ya kuanika mahindi. Ilikuwa imejaa mahindi yaliyotolewa kuanikwa asubuhi ile. Nikaona uvivu kuyazoa. Nililiacha gari pale pale kwenye udongo, nikavuta hendibreki, nikatafuta kipande cha tofali, nikaweka juu yake ile jeki ndogo ya kuzungusha kwa mkono inayokuja na gari. Nikanyanyua upande wa kulia nyuma hadi gurudumu likaning'inia. Gia sikuingiza. Magurudumu ya mbele sikuyawekea hata jiwe. Nikalala chali juu ya gunia na kujisukuma ndani mpaka ikabaki miguu tu nje.

Mke wangu alikuwa chumbani ananyonyesha. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Kwa heshima yake alikuwa amenipa mgongo.

Nilikuwa nahangaika na boliti yenye kutu nikasikia sauti yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Toka huko."

"Namalizia, mama. Imebaki boliti moja."

"Toka huko, nakwambia."

Nikajua ameishiwa kuni au anataka nimwitie mtu. Nikasema, "Dakika moja tu." Sikumaliza kusema. Mikono miwili ilinikamata vifundo vya miguu, ikanivuta kama mtu anavyovuta gogo mtoni. Mgongo ulikwaruzika, gunia likabaki ndani, spana ikanidondokea kifuani. Nilipofumbua macho niliona anga, na katikati ya anga uso wa mama mkwe wangu, ushungi umeanguka mabegani, anahema.

Nilisimama nikajipangusa. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira. Gari lilikuwa limesimama vilevile.

"Mama, mbona limekaa vizuri tu," nikasema.

Alinyoosha kidole.

"Lisukume."

"Nilisukume?"

"Kwa mkono mmoja. Lisukume."

Nikaweka kiganja kwenye buti nikasukuma, si kwa nguvu, kama mtu anavyofungua mlango. Gari likaenda mbele kidogo. Tofali likapasuka, jeki ikalala ubavu, na gari zima likashuka kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Gurudumu lile liligonga udongo. Jeki iliponyoka na kujikita pale pale kwenye gunia nililokuwa nimelalia, na tumbo la gari likawa limelibana gunia lile chini.

Nikakaa chini kwenye matope. Mke wangu akatokea mlangoni na mtoto mikononi. "Nini kimeanguka?" Alitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Mama mkwe alivuta ushungi wake, akaingia ndani, akafunga pazia la chumba alichokuwa analala.

Mchana ule hakutoka kula. Mke wangu alipeleka sahani, ikarudi imejaa. Alasiri akaja kuniambia kwa sauti ya chini, akijitahidi asicheke na asilie.

"Mama anataka kurudi Dindira kesho."

"Kwa nini? Nimemkosea?"

"Anasema yeye ndiye aliyekosea. Amemshika mkwe wake miguu. Kichwa wazi. Anasema hajui atakutazama vipi."

Nilifikiri sana. Mwishowe nilichukua kigoda, nikakiweka ukumbini mbele ya lile pazia, nikakaa bega langu likielekea pazia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, ningekuwa marehemu sasa hivi. Mtoto wako angekuwa mjane na mjukuu wako yatima wa siku tisa. Mimi sijavunjiwa heshima yoyote. Ila nataka kuuliza. Ulijuaje? Ulikuwa umenipa mgongo."

Nilisikia kitanda kikilia, akajisogeza upande wa pazia.

"Nilisikia tofali," akasema. "Linavyosaga. Nikageuka nikaona jeki imeinama, inazama. Nikakuita ukasema boliti moja." Kisha akauliza, "Baba mkwe wako alikuwa anafanya kazi gani, unajua?"

Nilijua alipasua mbao. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza. Alifariki kabla sijamjua mke wangu.

Basi nyuma ya pazia lile akanisimulia. Enzi zile magogo yalipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili. Walichimba shimo, wakalilaza gogo juu yake, mtu mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo. Mumewe alikuwa mtu wa chini. Miaka yote alikuwa na gogo juu ya kichwa chake, na vumbi la mbao machoni.

"Nilikuwa nampelekea chakula," alisema. "Nikifika nakuta hawajaanza, wanahangaika na gogo. Alikuwa na utaratibu wake na hamsikilizi mtu. Kwanza ardhi. Ikiwa imelowa, siku hiyo hakuna kazi, hata tajiri apige kelele. Pili, kabari kila upande, maana kitu cha duara kinatafuta pa kwenda. Tatu, zile nguzo za kunyanyulia gogo siyo za kulibebea. Ukishalinyanyua, linakaa juu ya vitu vingine, vinene, visivyo na kazi nyingine. Na kabla hajashuka shimoni, wote wanalitikisa. Wanalitikisa kwa nguvu kabisa, afadhali lianguke yeye akiwa juu."

"Na halikuwahi kumwangukia?"

"Halikumwangukia. Alikufa kitandani kwangu, kwa kikohozi." Akacheka kidogo, cheko la kwanza nililowahi kumsikia. "Nikamlaumu kwa kikohozi, lakini kwa magogo sikumlaumu."

Jioni ile alikula. Habari ya kurudi Dindira haikutajwa tena.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi wangu mjini, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza huku anatikisa kichwa, akaingia ndani akatoka na stendi mbili za chuma, zile za miguu mitatu zenye pini ya kufungia. "Jeki inanyanyua," akaniambia, "stendi ndiyo inabeba. Na tofali ni la kujengea nyumba." Akanionyesha chini ya gari sehemu zenye chuma kigumu zinazofaa kuwekewa stendi, na zile zinazobonyea kama kopo.

Nilipofika nyumbani nikaziweka stendi uani. Mama mkwe alizizunguka mara mbili. Akaikanyaga moja kwa mguu, akaitikisa, akavuta pini kuona kama inatoka.

"Hizi zinafaa," akasema. Aliniambia mimi mwenyewe, moja kwa moja, si kupitia kwa mke wangu.

Mahindi aliyazoa yeye, nilipokwenda dukani. Niliporudi nilikuta zege limefagiliwa jeupe, na kando yake kabari nne alizochonga kwa panga kutoka kwenye kuni ngumu. Nikaliingiza gari pale, nikatia gia namba moja, nikavuta hendibreki. Yeye alikaa kwenye mkeka kivulini, mbali kwa heshima yake, lakini safari hii uso wake ulikuwa kwangu.

"Kabari mbele na nyuma," akasema. "Magurudumu yanayobaki chini."

Nikaweka, nikazigongea kwa nyundo. Nikanyanyua upande mmoja, nikaingiza stendi kwa mkono bila kuingiza kichwa, nikaishusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa kwenye stendi. Kisha upande wa pili. Nilipomaliza nikamtazama.

"Na lile gurudumu la akiba limelala tu kwenye buti?"

Nikalitoa, nikalilaza chini ya ubavu wa gari. Hata chuma kikisaliti, gari litue kwenye gurudumu na si kwa mtu.

"Sukuma."

Nikasukuma. Halikutingishika.

"Huo ni usukumaji wa mtu anayeogopa kuliangusha. Sukuma."

Nikasukuma kwa bega, mbele, nyuma, ubavuni, hadi jasho likanitoka. Mke wangu alikuwa dirishani na mtoto, anaona mumewe anapigana na gari na mama yake anaamua mchezo. Gari lilisimama kama nyumba.

"Haya, ingia."

Nikaingia. Bomba lilikuwa limekwishapoa, harufu ya kutu na mafuta ikanijaa puani. Kila baada ya muda mfupi nilisikia sauti yake.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Kisu kinamenya ndizi. Ndege. Mtoto analia, ananyamaza.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Nilifunga kishikio kipya cha mpira, boliti mbili, saa nzima kwa kazi ambayo fundi angeimaliza kwa robo saa. Nilipotoka alikuwa amekwishanyanyuka kwenda jikoni, ameuvuta ushungi, amenipa mgongo kama kawaida. Mke wangu aliniletea maji ya kunawa akaninong'oneza, "Anasema una mikono mizito lakini unasikia ukiambiwa." Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku walipoipokea posa yangu.

Alikaa kwetu hadi arobaini ya mtoto. Hatukula pamoja hata siku moja, wala sikumpa mkono. Lakini ilikuwa imezuka desturi: jioni mimi nakaa kigodani ukumbini, yeye upande wa pili wa pazia, ananisimulia habari za mumewe. Jinsi alivyoimba vibaya. Jinsi alivyokula ugali kwa mapeasi. Mke wangu alikuwa hajawahi kusikia nyingi kati ya habari hizo, akawa anakuja kukaa nasi na mtoto mapajani.

Stendi nilimrudishia fundi, nikanunua zangu. Majirani huja kuziazima, na mimi huwa nafuatana nazo hadi kwao, wananiona msumbufu. Mmoja wao amenipa jina la utani nisiloweza kuliandika hapa.

Sasa mtoto yule yuko darasa la pili. Mwezi uliopita tulipanda wote Dindira, nami nikataka kumbadilishia bibi yake bati moja la jikoni lililotoboka. Nilishapanda ngazi, misumari mkononi. Alitoka nje, akaangalia juu, akanyoosha kiganja. Manyunyu. Yale ya kule kwao, usiyoyasikia mpaka shati limelowa.

"Shuka unywe chai," akasema.

"Mama, ni bati moja tu."

Alisimama pale pale chini ya ngazi, mtu wa miaka yake, na manyunyu yanamnyeshea, hadi nikashuka. Nikanywa chai barazani, yeye akanywa yake jikoni, kando ya ndoo inayokinga maji ya lile tundu, tukaongea kupitia mlango ulioachwa wazi. Ukungu ulifunika mashamba ya chai hadi magharibi. Tukalala huko. Bati nililigongelea kesho yake, kwenye saa nne, jua likiwa limetoka na ngazi imekauka.