Nilitoa coolant ya Peugeot ya marehemu baba kwa karai, nikaenda kunywa chai

Wakuu, salamu kutoka Tala. Naandika kama ilivyotokea, sijaongeza hata neno. Atakayecheka acheke, mimi bado sijaweza.

Marehemu baba alituachia Peugeot 504. Mimi nafanya kazi Athi River, kwa hivyo inakaa kwa mama na mimi huja weekend kuiangalia. Hizi gari za zamani ukipuuza upande wa cooling, engine inakufa. Mwaka jana niliosha radiator, nikabadilisha hose, na badala ya maji ya kisima nikaweka coolant, ile dawa ya kupoza engine. Nilijivunia sana.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya kubadilisha hiyo coolant. Nikafungua chini ya radiator, ikaanza kutiririka kwa karai, nikaingia ndani kunywa chai.

Kwa wasiojua Ukambani: huku maji hayamwagwi ovyo. Yakishaosha vyombo yanaosha miguu, kisha yanaenda kwa migomba.

Kutoka nje, karai imeoshwa na kuegemezwa ukutani.

"Mum, maji ilikuwa hapa iko wapi?"

"Nimepatia ndama. Imekunywa yote, hata ikalamba karai."

Wakuu, coolant ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Mnyama akionja haachi.

Nikaanza kumfokea. Mbona hakuuliza? Haoni rangi?

Akanijibu polepole, "Rangi si ni kutu ya gari? Na nilionja kwanza, mwanakwa. Haina chumvi."

Alionja.

Kisima chetu kina chumvi, na mama huonja maji yoyote kabla ya kupatia mifugo. Amefanya hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Ulitema?"

"Niteme ya nini? Ni tamu."

Hapo nilisahau ndama kabisa. Na 504 ilikuwa kavu, haiwezi kwenda popote. Nikapiga mayowe mpaka jirani akaja na boda yake. Mama akakaa katikati, mimi nyuma nimemshika. Njia nzima alikuwa akiuliza nani atafungia kuku.

Hospitalini daktari aliuliza amekunywa kiasi gani, mama akaonyesha kiganja kimoja. Walimlaza, wakamwekea dripu, wakawa wanapima figo. Mimi nilikuwa kwa benchi nikiomba.

Amepona, namshukuru Mungu. Ndama hakupona.

Kilichonimaliza ni maneno yake akiwa kitandani: "Baba yako akitoa maji ya gari, mimi nilikuwa napatia ng'ombe. Miaka yote. Wewe hukusema umeweka dawa."

Na ni kweli. Baba hakuwahi kuweka kitu ila maji. Mimi ndiye nilibadilisha na kukaa kimya.

Funzo ni hili: coolant ikitoka iingie kwa mtungi wenye kifuniko, na usiondoke hapo kabla ya kufunga. Halafu ambia kila mtu wa boma, hata yule hajui gari.

Jana tulienda kanisani na hiyo 504. Kabla ya kupanda, mama alisimama mbele ya bonnet akaniangalia.

"Leo umeipatia nini?"

Nikamwambia yote, mpaka maandishi ya kwa chupa nikamsomea.

Wakuu, watu wa kwenu wanajua gari yenu inakunywa nini? Semeni hapa chini.