Kamera ya Bwana Seidel na Maua ya Kiwanja Ishirini na Saba

Hartmut Seidel alikagua tiketi kwenye tramu za mji wa Chemnitz, Ujerumani, kwa miaka thelathini na tatu, na mimi niliendesha tramu hizohizo, kwa hiyo namjua mbele na nyuma. Alikuwa mtu wa kupanda taratibu, akasimama karibu na mlango kama abiria mwingine na gazeti lake, halafu tramu ikishaondoka anageuka ghafla kitambulisho mkononi. Uso ulikuwa unamng'aa. Watu wengine hung'aa hivyo siku ya harusi yao tu. Aliwahi kumwandikia faini shemeji yake mwenyewe, na Krismasi ya mwaka ule wakala bata wao bila kusemezana.

Alipostaafu akawa mzigo nyumbani. Mkewe, Bärbel, alivumilia miezi mitatu ya kukaguliwa namna anavyopanga vikombe kabatini, kisha akamnunulia kamera ili atoke akapige picha ndege. Haikuwa kamera ya mchezo. Ilikuwa na lenzi ndefu, na ukibonyeza kitufe inajirefusha zaidi na kuvuta kitu mara sitini. Hartmut alipiga picha ndege kwa wiki mbili. Tatizo la ndege ni kwamba hawavunji kanuni yoyote.

Sisi wenye bustani tunazivunja. Chama chetu cha viwanja vya bustani vya kukodi kinaitwa Jembe la Furaha, na furaha yenyewe ina kurasa kumi na nne za kanuni. Wigo usizidi mita moja na robo. Saa saba mpaka saa tisa mchana mtu asiwashe mashine ya nyasi. Na iliyo kubwa kuliko zote: theluthi ya kiwanja iwe mboga na matunda, la sivyo unanyang'anywa, maana kuna familia arobaini zinangoja nafasi. Hartmut alipanda roshani ya jumba la chama, akaegemeza lenzi yake kwenye nguzo, na tangu siku hiyo hakuna aliyejikuna kwa amani. Mimi mwenyewe nilipata barua kuhusu wigo wangu. Ulizidi sentimita sita. Nilikata, nikamtukana, yakaisha.

Ya Roswitha hayakuisha. Roswitha Kunath ni jirani yangu, kiwanja ishirini na saba, mwisho kabisa wa njia. Ana miaka sabini na minne, na kiwanja hicho amekuwa nacho miaka arobaini na mmoja. Anapanda viazi, maharage, liki za jamii ya vitunguu, saladi na stroberi, na mbele ya vyote hivyo anapanda maua ya dahlia, mengi, marefu, ya rangi za kelele. Mwezi wa nane alipokea barua ikisema kwamba kwa mujibu wa picha zilizoambatanishwa, kiwanja chake ni maua matupu, na kwamba kikao cha Jumamosi kitapiga kura kama aondolewe.

Nilimkuta amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, barua iko magotini.

"Sigrun," aliniambia, "wakinitoa hapa, asubuhi nitakuwa nakwenda wapi?"

Nikachukua picha moja iliyokuja na barua. Kweli, ilikuwa picha ya kutisha. Ukuta wa dahlia, na juu yake paa la kibanda, na katikati hapana kitu ila kijimstari cha kijani unachoweza kukifunika kwa njiti ya kiberiti.

"Mboga zako ziko wapi hapa?" nikamuuliza.

"Hata mimi nimezitafuta. Jana nimechimba viazi ndoo mbili, leo kwenye picha sina shamba."

Tukaamua kupiga picha zetu. Roswitha ana kamera ndogo aliyojipatia dukani kwa kukusanya stempu za manunuzi, nyekundu, inayoingia mfuko wa aproni. Imeshaangukia mboji mara mbili. Inavuta mara tatu tu na ikivuta hivyo inalalamika, kwa hiyo ukitaka kitu kionekane kikubwa unakifuata kwa miguu yako. Nilipiga magoti kwenye udongo nikapiga saladi, nikapiga maharage, nikapiga liki. Picha zilipotoka, kiwanja kilikuwa kipana kama uwanja wa ndege, na saladi ya mbele ilikishinda kibanda kwa ukubwa. Nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi nilizipeleka kwenye jumba la chama. Hartmut alikuwa roshani, bila shaka.

"Nionyeshe hizo," akasema. Alizitazama moja moja, kisha akacheka kwa pua. "Bi Sigrun, hii nayo ni kamera au ni kibweta cha hereni?"

"Inapiga picha."

"Inapiga uongo. Lenzi yake ni ya upana. Ukisogea karibu, cha mbele kinavimba, cha nyuma kinasinyaa, nafasi inatanuka. Hata choo changu ukikipiga na hii kitaonekana ukumbi wa ngoma. Kikao hakitakubali."

"Na yako haidanganyi?"

"Yangu?" Aliipapasa kama mgongo wa paka. "Hii inaona. Hebu shika, uonje kitu cha maana kabla hujafa. Mimi nashuka kiwanjani kwangu. Wewe vuta mpaka mwisho, unipige. Utahesabu vifungo vya shati langu. Halafu rudi kwa Bi Roswitha na hicho kibweta chenu."

Akanivalisha mkanda shingoni, akashuka. Kiwanja chake ni namba ishirini na mbili, njia hiyohiyo iliyonyooka, zaidi ya mita mia mbili kutoka roshani. Nilivuta. Picha ilikuwa inatetemeka kwa pumzi zangu, nikaegemeza lenzi kwenye nguzo kama anavyofanya yeye. Na kweli, huyo hapo Hartmut, vifungo vyote, amesimama kwenye wigo wake ananielekea, ameinua kidevu, amefumba macho kidogo kwa sababu ya jua. Nikabonyeza.

Nilipoitazama picha kwenye kioo cha nyuma, nilikaa chini.

Nyuma yake, mbali huko kwenye kiwanja ishirini na saba, Roswitha alikuwa ameinama kwenye dahlia ndefu anawapuliza vidukari, wale wadudu wadogo wa majani, watoke. Midomo ameichongoa. Sasa kwenye picha hapakuwa na mbali wala huko. Midomo ile ilikuwa imetua kwenye sikio la Hartmut Seidel, na Hartmut, amefumba macho, anaonekana kuridhika sana.

Nasema ukweli, nilitaka kuifuta. Kidole kilifika kwenye kitufe. Halafu nikamkumbuka Roswitha juu ya ile ndoo, kidole kikarudi chenyewe.

"Umenipata?" Hartmut aliuliza aliporudi, anahema kwa ngazi.

"Nimekupata vizuri," nikasema.

Hakuiangalia. Picha zilizopigwa na wengine huwa haziangalii.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Ukitaka Jembe la Furaha waje wote, toa soseji au mnyang'anye mtu kiwanja, na siku hiyo mwenyekiti wetu, Bwana Wendt, alikuwa ameandaa vyote viwili. Mimi ni katibu, nilikaa mbele na daftari. Roswitha alikaa safu ya kwanza amevaa koti la mazishini. Mikono aliikalia.

Picha zake zilitangulia, zikapitishwa mkono kwa mkono. Hartmut akasimama kutoa somo. Lenzi ya upana, cha mbele kuvimba, nafasi kutanuka, yote aliyoniambia mimi akayarudia na ya ziada. Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi ningetikisa, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kisha akachomeka memori kadi yake, projekta ikawaka, na ukutani zikaja dahlia. Dahlia asubuhi. Dahlia baada ya mvua. Dahlia na paa. Kila picha wazi kiasi kwamba unaweza kuhesabu petali, na mboga hakuna hata jani.

"Mnaona wenyewe," Hartmut akasema. "Mimi sina chuki na Bi Roswitha. Kamera nayo haina chuki. Inaonyesha kilichopo."

Bwana Wendt alikohoa. Hakupenda, ilionekana usoni, lakini ni mtu wa kufuata karatasi. "Kama hakuna la kuongeza, tupige kura."

Roswitha aliinamisha kichwa. Hapo nikainua kalamu.

"Kuna picha moja zaidi kwenye kadi," nikasema. "Ya Alhamisi. Bwana Seidel aliniomba nimpige ili watu waone ubora wa mashine."

Uso wa Hartmut ulichangamka. "Ee, hiyo. Sawa, muione. Ni mita mia mbili na zaidi hiyo, na vifungo mtavihesabu."

Akabonyeza.

Safu ya nyuma mtu alipaliwa na bia, na baada ya hapo hakukuwa na kikao tena, kulikuwa na watu wazima sitini wanalia kwa kicheko, wengine wamelala juu ya meza. Bwana Wendt aligonga meza kwa uma wa soseji ili kutuliza watu, nao ukamponyoka. Roswitha alitazama ukuta, akaweka mkono mdomoni, mdomo uleule.

Aliyesimama alikuwa Bärbel. Hakucheka.

"Hartmut," akasema. "Huyo anayekubusu sikio ni nani?"

"Hakuna anayenibusu."

"Mimi nina macho."

"Bärbel, mke wangu, huyo yuko kiwanjani kwake. Yuko nyuma yangu mita arobaini!"

"Mita arobaini, na pua yake imo kwenye nywele zako? Mwenzangu, kila siku unaniambia unakwenda kuangalia kanuni."

"Ni lenzi!" Alikuwa mwekundu mpaka utosini. "Ukivuta kutoka mbali, vitu vinabanana. Cha nyuma kinaletwa mbele. Nafasi ya katikati haionekani kabisa, inamezwa. Kila anayejua kamera anajua hilo, muulize yeyote."

Kicheko kilikatika chenyewe, safu kwa safu, kadiri watu walivyokuwa wanaelewa. Yeye alielewa wa mwisho. Nilimwona maneno yake mwenyewe yakimfikia.

"Bwana Seidel," nikasema, "rudia hapo polepole. Naandika."

Aliyesema ni Roswitha, na hakusimama, wala sauti hakuipandisha.

"Viazi vyangu vimo humo, Bwana Seidel. Kwenye hiyo nafasi ya katikati."

Bwana Wendt akaahirisha kura, akachukua futi yake ya kujikunja kwenye droo, na tukaondoka wote sitini kwenda kiwanja ishirini na saba, soseji mkononi. Hartmut alitembea peke yake pembeni. Getini alisita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kiwanja chake njia hiyohiyo, na humu hakuwa amewahi kuingia. Roswitha alimfungulia.

Walipima wao wawili, kwa sababu mwenyekiti alitaka mlalamikaji ashike upande mmoja na mlalamikiwa mwingine. Nyuma ya dahlia kulikuwa na mistari ya viazi, nyuma ya viazi maharage, nyuma ya maharage liki, kisha saladi, kisha stroberi mpaka ukutani mwa kibanda. Hartmut alisema namba, mimi niliandika. Kiwanja kina mita za mraba mia mbili na arobaini, theluthi yake themanini. Alipofika mwisho, mboga zilikuwa themanini na nne. Akaupima mstari wa stroberi mara ya pili, Hartmut ni Hartmut, na ukabaki vilevile.

"Themanini na nne," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Anazidisha."

Roswitha aliachia futi, ikarudi kwa kishindo na kumchapa Hartmut vidole. Hakulalamika. Akajaribu kupiga picha ya maharage kwa ajili ya faili, lakini lenzi ilikuwa bado imevutwa, ikawa inaingia na kutoka inanung'unika, haioni kitu kilicho chini ya pua yake. Roswitha alimtazama akihangaika. Mwishowe alitoa ile nyekundu kwenye aproni.

"Shika," akasema. "Piga magoti lakini. Yenyewe haisogei."

Akapiga magoti kwa suruali yake ya kikao.

Jumatatu nilikwenda kwa Seidel na kumbukumbu za kikao, maana mlalamikaji lazima atie sahihi ndipo shauri lifungwe na kiwanja kibaki kwa mwenyewe. Bärbel alifungua mlango. Ile picha ilikuwa imebandikwa kwenye friji, kubwa, na nilipoitazama alisema miaka yote hii ndiyo picha pekee aliyonayo ya mumewe akiwa amefurahi, hilo la sikio hajali. Hartmut alikuwa mezani na miwani. Nilikuwa nimeandika kila kitu bila kumhurumia: kwamba Bwana Seidel alikieleza kikao kuwa kamera yake haionyeshi umbali ulivyo, na kwamba Bibi Kunath alikuwa nyuma yake mita arobaini.

Alisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu. Nikajua sasa anakataa, nikajiandaa kugombana.

Alikata neno "arobaini". Juu yake akaandika, kwa ule mwandiko wake wa faini, "thelathini na nane na nusu". Jumapili asubuhi alikuwa amekwenda kupima. Kisha akatia sahihi, akanirudishia karatasi, akauliza kama Bi Roswitha anaihitaji ile kamera yake nyekundu mapema, kwa sababu yeye bado hajamaliza kupiga picha maharage.