Shamba Nililonunua Mtandaoni

Nyumbani kwetu Katana tuliamshwa na sauti ya majembe yakigongwa kwenye jiwe ili udongo wa jana udondoke. Baba na mama walilima maharagwe, mihogo na migomba, na watoto wote walilima. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisoma kwa taa ya petroli, nikapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nikaondoka nchini bila mjomba wala padri wa kunishika mkono, nikaosha vyombo katika mikahawa ya Liège, Ubelgiji, mpaka nikapata diploma ya pili, ya umeme. Hiyo ya pili iko ukutani hapa kwangu Muhumba, ndani ya kioo, na ukiingia sebuleni lazima uione. Nimeiweka hapo makusudi.

Nilirudi kwa hiari yangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu Bukavu mtu akirudi toka Ulaya watu hudhani amefukuzwa. Mimi nilirudi na paneli za jua, betri na ujuzi wangu, na leo ukisimama juu ya mlima ukatazama Ibanda, sehemu kubwa ya mapaa yanayong'aa nimeyavalisha mimi. Umeme wa mji ukikatika, majirani wanajua ni nyumba gani itabaki na taa.

Binti yangu sikurudi naye. Alibaki Liège na mama yake. Mama yake hakutaka kuja, mimi sikutaka kukaa, na hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Tuligawana maisha kama watu wanaogawana vyombo vya jikoni. Mtoto alikuwa na miaka saba. Sasa ana kumi na minne.

Tuliongea kwa simu kila Jumapili. Mwanzoni alinieleza kila kitu, hata rangi ya soksi za mwalimu wake. Halafu maneno yakapungua.

"Papa, ça va?"

"Ça va, binti. Na masomo?"

"Ça va."

Kisha tunatazamana kwenye kioo cha simu, kila mmoja akingoja mwenzake apate neno. Mimi ninayeweza kumweleza mteja yeyote namna betri inavyokula jua sikujua nimwulize mtoto wangu nini. Nilianza kuziogopa Jumapili. Niliiona siku inakuja ambapo angeacha kupokea simu, bila ubaya wowote, kwa sababu tu hatukuwa na kitu cha kufanya pamoja.

Wakati wa vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, nilimpigia, nikaona macho yake yako pengine na vidole vyake vinabonyeza kitu.

"Uko nafanya nini?"

"Niko nalima."

"Unalima wapi?"

"Ku shamba yangu, papa. Iko mchezo. Ona."

Aligeuza simu. Kwenye televisheni yao kulikuwa na bonde la kijani, nyumba ya mbao, kuku wakizurura, na mtu mdogo mwenye kofia nyekundu akimwagilia mahindi. Udongo wake ulikuwa safi kama unga wa kakao. Nilicheka. Nikamwambia bibi yake angeona shamba la namna hiyo angeuliza matope wameyaficha wapi.

"Cheka tu. Wewe hauwezi."

"Mimi siwezi kulima? Mimi mtoto wa Katana?"

"Maman anasemaka ulikimbia jembe."

Hapo alinipata. Akaeleza kwamba katika mchezo huo watu wawili wanaweza kulima shamba moja, kila mtu akiwa kwake, hata wakiwa nchi mbili. "Nunua yako, papa, tulime pamoja. Lakini fanya mbio. Masomo ikifunguka, nitacheza siku ya dimanche tu, siku yetu ya simu."

Nilikata simu nikiwa na furaha ambayo sikutaka mtu aione. Mtoto wangu alikuwa ameniomba niende alipo. Hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Mashine yenyewe ya kuchezea niliipata hapa mjini, kwa mtu aliyekuwa anafunga chumba chake cha michezo, vile vyumba ambamo vijana hulipia mechi moja moja ya mpira. Nilichagua iliyo nzuri kuliko zote, na manete mbili, vile vishikio vya kubonyezea. Mchezo ndio haukupatikana. Wauzaji wa Bukavu wana mpira na vita. Nilipomwuliza mmoja kama ana wa kulima, alinitazama kana kwamba nimeuliza bei ya mvua.

"Ya kulima, papa? Nani atalipa pesa juu alime?"

Nikaingia katika duka la mtandaoni la kule Ulaya. Nikaliona bonde lile lile, na chini yake sehemu mbili za kubonyeza: moja ya kupakua mchezo moja kwa moja kwenye mashine, nyingine ya kuagiza boksi. Mimi hununua kitu kinachoshikika. Mtu aliyenunua hewa ataonyesha nini? Nilitaka lile boksi likae sebuleni chini ya diploma, nimwonyeshe binti kwenye simu. Nikabonyeza boksi.

Duka likataka adrese. Orodha ya nchi ilishuka ndefu, na Kongo yetu haimo. Hata ingekuwamo, ningeandika nini? Hapa tunaelekezana kwa kanisa, kwa mteremko, kwa rangi ya geti. Vitu vya Ulaya hutufikia mikononi mwa watu. Daima kuna mtu anayerudi. Wakati huo jirani yangu, maman mmoja anayeuza vitenge na nywele, alikuwa Brussels kwa dada yake, anajiandaa kurudi kupitia Kigali. Nikamwomba, akakubali, nikaandika adrese ya dada yake. Ningeweza kuandika ya binti yangu, na ingekuwa njia fupi zaidi, lakini sikutaka kifurushi changu kibishe hodi kwenye mlango wa mama yake. Nilijiambia hiyo ni heshima.

Kila tulipoongea, binti aliuliza nafika lini.

"Nilikuachia upande wa mto," alisema. "Lakini majani inaota, papa. Fanya mbio."

Nilimwambia kitu kiko njiani. Agosti ilikuwa inayeyuka.

Siku yule maman wa vitenge aliporudi nilikwenda kwake hata kabla hajamaliza kufungua valizi. Vitenge vilikuwa vimetandazwa kila mahali, ikabidi nisimame mlangoni. Aliponiona, uso wake uliingiwa na huruma.

"Aha, papa ingénieur. Yako ilikuwa ile boite ya plastiki?"

"Ndiyo, maman. Mchezo."

"Hapakukuwa mchezo, papa. Nilifungua, ndani buule. Hata sidii haimo. Kakaratasi tu ka matangazo."

"Ulifungua?"

"Sasa, papa. Valizi ilipitisha kilo pale ku aéroport. Si unajua tunatoshaka kila kitu mu karto yake. Viatu, natosha. Parfum, natosha. Boite ya buule nayo niibebe? Nilitupa mu poubelle na kakaratasi kake. Nikasema, bale batu bamemwiba papa ingénieur. Nilikuhurumia mpaka Kigali."

Sikuweza kumlaumu. Ndivyo tunavyosafirisha sisi sote: karatasi na boksi zinabaki Ulaya, kitu chenyewe kinavuka. Viatu nilivyokuwa nimevaa siku ile vilifika Bukavu kwa njia hiyo hiyo, vimejazwa soksi za mtu mwingine. Nilimshukuru nikarudi nyumbani, nikafungua tena ukurasa wa lile duka. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa: hamna sidii ndani, kuna karatasi yenye namba za kupakulia mchezo. Kumbe nilinunua hewa ile ile, ila iliyofungwa katika plastiki. Mimi, ninayewafokea mafundi wangu kwa kutosoma maandishi ya betri.

Ilibidi nimwambie binti. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilimsikiliza, na kwa kweli ningenunua boksi jingine tupu ili acheke hivyo tena. Kisha akatulia.

"Papa, juu ya nini haukutuma hapa kwetu? Ningekusomea zile namba ku simu. Ni dakika moja."

"Sikutaka kumsumbua maman wako."

"Maman? Ni yeye aliniambia nikuombe ucheze na mimi."

Nje watu walikuwa wanapanda kilima na ndoo, na niliwatazama kwa muda kama vile nilikuwa nawahesabu. Miaka yote hiyo nilidhani mlango ule umefungwa, wala sikuwahi kugusa kitasa chake.

"Papa, uko?"

"Niko."

"Washa mashine. Nitakuonyesha."

Alinielekeza hatua kwa hatua, kwa subira ambayo sikumfundisha mimi. Nifungue akaunti. Nchi, niweke Ubelgiji. Vijana wetu hapa hufanya hivyo hivyo. Mashine zao zote zinaishi Paris au Johannesburg, wao wenyewe wako hapa hapa Kadutu. Kisha pakatokea nafasi ya makazi yangu.

"Weka adrese yetu," alisema, akanisomea.

Ni nyumba waliyohamia baada yangu. Sijawahi kupanda ngazi zake. Sijui dirisha la mtoto linatazama barabara au ua. Niliandika jina langu, chini yake mtaa wao, namba ya mlango wao, ghorofa yao. Yalikaa pale vizuri, kama adrese ya familia yoyote. Mashine ikauliza kama habari hizo ni sahihi. Nilikawia kidogo, halafu nikabonyeza ndiyo.

Nikalipa mara ya pili, safari hii hewa isiyo na plastiki, na kwa intaneti ya kifurushi cha simu mchezo ulishuka tangu asubuhi mpaka jua likazunguka nyumba. Nilifuta miadi ya wateja wawili. Niliwaambia nina kazi ya shamba, na huo haukuwa uongo.

Nilipoingia, yule mwenye kofia nyekundu alikuwa amesimama njiani. Akaanza kukimbia akinizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, na katika simu nilisikia anacheka.

"Papa, usikanyage mimea."

Nilitaka kupanda mahindi na maharagwe pamoja, kama kwetu, maana huko ndiko mikono yangu ilikokwenda yenyewe. Mchezo ukakataa: kila kitu kwa mstari wake.

"Shamba ya kwenu ilikuwa fujo," alisema.

"Fujo hiyo ndiyo iliyonisomesha."

"Ni bibi alikufundisha?"

Basi nikaanza kumweleza bibi yake. Halafu yeye, huku akimwagilia, akaniambia kwamba anaogopa bwawa la kuogelea la shule. Kwamba rafiki yake mkubwa amehamia mji mwingine. Kwamba siku hizi husuka nywele mwenyewe, vibaya. Hayo yote yalitoka bila mimi kuuliza, kwa sababu mikono yetu ilikuwa na kazi na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake usoni. Katika wiki ile ya mwisho ya vakansi nilimjua mtoto wangu kuliko katika miaka yangu yote ya simu.

Masomo yakafunguliwa. Tukakubaliana Jumapili, saa kumi alasiri, naye akatimiza. Septemba ikapita hivyo, na karibu Oktoba yote. Nilinenepa moyo. Nilianza kuwaambia watu, hata wasiouliza, kwamba mimi na binti yangu tuna shamba.

Kisha ikaja Jumapili ambayo hakufika.

Saa kumi nilikuwa pale, peke yangu. Niliwalisha kuku. Nilivuna mahindi. Mvua ilikuwa inalivuka ziwa kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi, nikaitazama dirishani, nikageukia televisheni, njia ile tupu. Ningeweza kumpigia. Sikumpigia; baba hapigi simu kuomba achezewe. Nilitengeneza ua mzima, ubao kwa ubao. Nilijua hiyo ndiyo ile siku niliyoiogopa. Ana miaka kumi na minne, ana wenzake, ana mji. Katika umri huo huo mimi nilimwacha baba yangu shambani Jumamosi moja, nikaenda kusoma kwa padri bila kumuaga, na sijui alisimama muda gani akitazama njia kabla ya kuinama tena. Sikuwahi kumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Kazi ilikwisha. Hakikubaki hata kisiki. Nilikuwa nimeshika manete nitafute mahali pa kuuzima mchezo, ndipo kofia nyekundu ikatokea mlangoni mwa nyumba ya mbao.

"Papa? Umeanza bila mimi?"

"Ni saa kumi na moja hii," nilisema.

"Apana. Saa kumi kamili. Uko mapema."

Usiku uliotangulia, kule Ulaya walikuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wanavyofanya kila mwaka baridi inapokaribia. Mimi niliyeishi kule miaka yote ile, niliyegeuza saa ya jikoni kwa mikono yangu huku yeye mdogo akinishikia kiti, nilikuwa nimesahau kabisa.

"Sasa umemaliza kazi yote," alisema, akizunguka kwenye mistari iliyovunwa. "Mimi nitafanya nini?"

"Ng'ambo ya mto bado ni pori."

Tukavuka. Tulianza kukata miti, yeye upande huu, mimi upande ule, na magogo yakaanza kulala moja moja. Mvua ilifika juu ya paa langu ikapiga kwa nguvu. Akauliza ni nini hicho kinachonguruma, nikamwambia ni Bukavu. Baadaye nikasikia sauti ya mama yake kutoka chumba kingine, inamwita mezani.

"Nakuya," alijibu, lakini hakuenda mara moja. Aliendelea kukata, nami sikumhimiza.