Mbegu Tulizozifukia Ringwani

Wakati ule wa dhahabu mimi nilikuwa mkaguzi wa mbegu. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami siwalaumu. Nyumba niliyopanga kule Turwa, mjini Tarime, ilijaa wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu, na mimi peke yangu ndiye niliyetoka asubuhi nimechomekea shati kwenda kuangalia mahindi ya watu. Nilizunguka maduka ya pembejeo ya Tarime na Serengeti kuona kama muuzaji ana leseni, chumba kikavu, na mbegu zilizo ndani ya pakiti zilizofungwa kiwandani. Kwa maneno ni kazi nyepesi.

Gari la idara lilikuwa moja, na lilikuwa la kila mtu: la chanjo, la mitihani, la wageni wa mkoani. Mafuta yakipatikana, dereva hayupo, kaenda machimboni kujaribu bahati. Muuzaji alilipa ada, akasubiri nimkague ndipo leseni itoke, nami nikasubiri mafuta. Ada za wauzaji wote wa upande wa Serengeti zisingetosha kunifikisha kijiji cha Ringwani na kunirudisha. Mkubwa wangu alikuwa na jibu moja tu: "Subiri tuunganishe safari." Tuliunganisha mpaka misimu ikapita.

Wasio na leseni hawakumsubiri mtu. Walichukua mahindi ya kula, ya zamani, yaliyotobolewa na wadudu, wakayapaka rangi yafanane na mbegu zenye dawa, wakayafunga kwenye pakiti zinazong'aa kuliko za kiwanda, na kuyapeleka kwa pikipiki hadi vijiji vya machimboni, ambako watu walikuwa na pesa na haraka.

Ringwani kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyefungua duka la pembejeo wakati wenzake wanafungua vibanda vya bia. Aliuza ng'ombe alioachiwa na mumewe, akaweka pesa yote kwenye mbegu. Akawa ananipigia simu nikamkague apate leseni. "Mura, unakuja lini?" aliniuliza, kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume. Nikimjibu kwamba nasubiri usafiri, ananiuliza kama nimekula. Nilifika mahali nikawa naiogopa simu yake.

Siku tulipopata gari, mawingu ya vuli yalishaanza kujikusanya. Mama alikuwa amefagia mpaka barabarani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kutuingiza dukani kwa furaha ya mtu anayepokea wakwe. Sakafuni yalipangwa mabeseni mapya, na ndani yake zilimwagwa mbegu zote alizokuwa nazo. Alikuwa amechana kila pakiti.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekufungulia," alisema. "Serikali inakuja kukagua, halafu mimi nifunge? Si mtasema naficha? Hapa watu wameshaumizwa na hizo pakiti. Siku hizi mtu hanunui mpaka aone, ashike."

Nilimwelewa kabisa. Kwenye magulio yetu, muuza nafaka huacha mdomo wa gunia wazi, na mwenye gunia lililofungwa ndiye anayetiliwa shaka. Lakini ilinibidi nimwambie kwamba kwa kanuni nilizotumwa kuzisimamia, mbegu ikishatoka kwenye pakiti yake si mbegu tena. Haiuzwi, na kwa sababu ya dawa haiwezi kuliwa.

Nilitoka nje nikampigia mkubwa. Nikamwambia hizi mbegu ni nzima, nimezishika kwa mikono yangu, naomba tupeleke sampuli maabara. Akaniuliza maabara iko wapi, nani atailipa, na sampuli itasafiri kwa gari gani. "Fukieni," akasema. "Shimo liwe refu."

Vijana wenye nguvu za kuchimba walikuwa machimboni, na wachache waliobaki kijiweni walitaka ujira wa mchimba dhahabu. Ofisini hakukuwa na fungu la kuchimba mashimo. Nikachimba mimi na dereva, nyuma ya duka, kwa jembe la mama mwenyewe. Ardhi ilikuwa ngumu. Tulipofika magotini tukasema basi. Mama alibeba mabeseni akayamwaga polepole. Tulipofukia, udongo wa juu haukuzidi kiganja. Afadhali angelia, au angenitukana. Badala yake alituletea maji ya kunawa na ugali, nikala huku nina hasira na kila mtu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Njiani dereva alijumlisha kwa sauti mafuta na posho zetu. "Hela yote hiyo ya serikali," akasema, "tumeenda kumfungia duka mtu pekee aliyetuomba tuje." Nilikuwa nimechoka, na alikuwa anasema kweli.

Mvua ziliponyesha, simu ya mama ikaita. Nilitaka niiache, nikaona aibu. "Mura," alisema, "njoo uangalie kaburi lako." Nilipanda bodaboda kwa pesa yangu, sikungoja kuunganisha safari.

Shimo lilikuwa limeota. Mahindi yalikuwa yamebanana kama nywele, kijani kibichi, hakuna mahali pa kupenyeza kidole. Wanawake wamepiga magoti pande zote, wanang'oa miche pamoja na udongo wake na kuipanga kwenye masufuria, wakaipandikize mashambani. Wengi wao walipanda zile mbegu za kupakwa rangi, na kwao hakikuota kitu. Mama alikaa kwenye ngazi ya duka lake lililofungwa, anawaangalia.

Nilichuchumaa pembeni yake. Nikamwambia kwa sauti ya chini awauzie, walau kidogo apate cha kuanzia, mimi sitaona wala kusikia.

"Nitawauziaje?" aliniuliza, bila hasira. "Wewe si ulisema hii si mbegu?"

Mwanamke mmoja aligeuka kumuuliza kama anaweza kuongeza sufuria la pili.

"Chukua tu, mwanangu," mama akamwambia. "Ni ya serikali."