Nisipotembea Silali

Mimi niliolewa mara moja tu, nikaachwa kwa sababu ya miguu yangu. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani nilikuwa kilema, au nilimpiga mtu teke. Chekeni tu. Kilema angalau angehurumiwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mimi ni Mmakua wa huku Masasi, njia ya Lukuledi, nikaolewa Newala, juu kwenye uwanda, kwa Mmakonde. Nilimpenda yule mwanamume, na kwa uzee huu sioni haya kulisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Lakini muda mwingi hakuwepo. Alikuwa anakata mkonge upande wa Lindi apate kodi ya kichwa, anarudi siku chache, anaondoka tena. Nikabaki na mama yake, nyumba moja, ukuta mmoja katikati yetu.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Shida ni kwamba hatukuwa na lugha. Yeye Kimakonde, mimi Kimakua, basi tukikaa jikoni tunazungumza Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe cha kuokoteza. Yeye alikiokota sokoni kwa wanawake wenzake wanaouza mihogo na kusutana. Mimi nilikipata chuoni, kwa mwalimu aliyetufundisha Kurani.

Maradhi yalianza na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nikijilaza tu, miguu inaanza. Haiumi. Ingekuwa inauma ningesema inauma, watu wangenielewa. Ni kama siafu wanapita ndani ya mfupa, kuanzia goti kushuka, na mguu unataka kuondoka. Ukiuzuia unaruka wenyewe. Ukisimama ukatembea, unanyamaza. Ukirudi kitandani, haya, tunaanza upya. Nikasema nikijifungua itakwisha. Nikajifungua, damu nyingi ikanitoka, na badala ya kwisha ikazidi. Nikawa naogopa jua likizama. Wenzangu wanashukuru kazi za siku zimekwisha, mimi moyo unanidunda kama mtu anayesubiri kuchapwa.

Na mchana kuna maji. Wakati ule maji ya Newala yalikuwa chini bondeni, tunateremka mteremko mzima na kupanda nayo kichwani. Basi nikilalamika kwa majirani wananijibu, "Umechoka wewe, ni maji hayo." Jamani, kuchoka nakujua! Mtu aliyechoka analala.

Asubuhi moja tunamenya mihogo, mimi macho yamevimba kwa kulia, nikaona bora nimwambie mama mkwe. Nikamwambia, "Mama, mimi usiku nisipotembea silali."

Akaacha kumenya. "Unasemaje?"

"Nisipotembea silali, mama. Nikishatembea kidogo napata raha, ndipo narudi kulala."

Napata raha! Nalo hilo nililitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa mwalimu wangu wa chuoni kutembea kulikuwa kutembea, mguu huu mbele, mguu ule nyuma. Huko sokoni alikojifunzia yeye, mke wa mtu akitembea usiku ana mwanamume. Sikulijua hilo, wallahi. Niliona tu ameinamisha uso, kisha akasema polepole, "Na mume wako hayupo."

Nikamjibu, "Hata akiwepo, mama, ni hivyo hivyo."

Loo! Nikilikumbuka jibu lile mpaka leo natamani kujizaba kofi.

Hakunigombeza. Jioni yake alinyunyiza majivu kuzunguka nyumba, kama wanavyofanya wakitaka kujua kama mchawi anapita. Nikadhani amenionea huruma, amefahamu kuna mtu ananichezea miguu na anataka kumnasa. Nikamshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia ahsante, mama. Asubuhi zilionekana nyayo za mtu mmoja, zangu, zimetoka mlangoni, zimezunguka nyumba, zimekwenda mpaka kwenye mikorosho na kurudi. Kule mchanga una ubaridi, ndiyo sababu nilikuwa nakwenda. Akazitazama. Akamwita jirani, naye akazitazama. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mume wangu aliporudi, mama yake alimpokea mzigo, akampa habari papo hapo. Akaingia chumbani, akakaa kitandani, mtoto akamrukia hakumshika.

"Mama anasema unatembea."

"Ndiyo natembea. Si nilimwambia mwenyewe?"

Akaufunga mlango. "Mama mtoto, hilo neno unajua maana yake?"

Akanieleza. Mwanzo nilicheka, maana niliona ni upuuzi. Halafu nikayakumbuka yote niliyoyasema, raha na hata akiwepo na yale majivu. Nikalia, nikamweleza mfupa, siafu, kila kitu. Na alinisikiliza, haki yake nampa. Akasema, "Mimi hulala kama gogo, sijaona kitu. Basi leo nitakesha nione mwenyewe."

Alinilaza, akapitisha mguu wake juu ya miguu yangu aikandamize. Ulikuwa mguu mzito, wa mtu wa kazi. Nilimwomba Mungu, nikasema kwa usiku huu mmoja tu, Mola wangu, itulize. Wapi! Ilipata wazimu. Nilimpiga magotini, nilimpiga tumboni, nikitaka kutoka anifungulie njia, naye ananishika kwa nguvu, mpaka tukawa kama watu wanaopigana. Kulipopambazuka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo.

"Unanisukuma," akasema. "Nimetoka mbali kote huko, unanisukuma."

"Si mimi. Ni miguu."

"Miguu ya nani?"

 

Akamwita mjomba wangu kutoka Masasi, maana kwetu mjomba ndiye mwenye sisi, akaniacha mbele yake, talaka moja. Mjomba alishukuru ilikuwa moja. Alisema njiani, "Moja ina mlango. Eda ikiwa haijaisha anaweza kukurejea." Tukateremka na mtoto mgongoni mpaka nyumbani kwa mama yangu.

Msinidanganye kwamba nyumbani ni nyumbani. Miguu nilikwenda nayo. Niliuzunguka uwanja wa mama mpaka nyasi zikaisha njiani pangu. Mama alinisugua mafuta, akanifunga kitambaa cha maji moto, akanifunga kamba, na mwishowe akakaa chini akalia na mimi. Nilitamani panga. Nasema kweli, mchana wa siku moja nilikaa na panga mapajani nikifikiria wapi goti linaachana na paja, mama akaja akalichukua, akaenda kulificha kwa jirani.

Nilipona kwa bahati tu. Mtoto alishikwa na homa nikampeleka hospitali. Nesi alipomaliza na mtoto akanitazama mimi, akanivuta kope ya chini. "Mama wee, huna damu kabisa." Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akanionya kwamba choo kitakuwa cheusi nisiogope. Akaniuliza, "Kuna shida nyingine?"

Nikamwambia hapana. Lile neno nisingelitamka tena mbele ya mgeni, hata kwa bakora.

Vidonge nikavimeza. Choo kikawa cheusi kweli. Kisha, sikujua imeanza lini, siafu wakapungua. Asubuhi moja niliamka nikaona jua liko ukutani na mtoto analia njaa. Nilikuwa nimelala! Nilipiga vigelegele peke yangu, mama akaja mbio akidhani nimepata kichaa. Miguu ilikuwa imelala mkekani, kimya, kama ya watu wengine.

Eda ilikuwa bado. Nikamwambia mjomba, peleka habari Newala, sema nimepona, mwenye shaka aje aone. Nikaanza hata kufua nguo za safari. Mume wangu hakuja, alimtuma dada yake. Wifi yangu yule alinipenda tangu mwanzo. Alifika na unga wa mihogo, tukala, tukacheka, nikamwambia, "Wifi, leo utalala mkeka mmoja na mimi, ukamwambie kaka yako." Nikalala usiku mzima. Kulipokucha akaniambia, "Wifi, hukugeuka hata mara moja."

"Si umeona? Ni vidonge!"

Mjomba, aliyekuja kumsalimia mgeni, akauliza, "Nesi alisema ni dawa ya miguu?"

"Alisema ni ya damu."

"Ya miguu hakusema?"

"Hakusema."

Wifi aliangalia chini. Hakunitukana, alinishika bega tu, akabeba kapu lake, akapanda kwao. Mimi nikabaki nakunja nguo. Nilikuwa na uhakika. Nilimtajia mtoto njia tutakayopita, nikamwonyesha kwa kidole milima ya kwa baba yake.

Jibu lilikuja na mjomba. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Nimeongea na mumeo. Amesema hivi: kumbe anaweza kutulia. Basi kwangu alikuwa hataki."

Eda ilikwisha siku chache baadaye. Usiku ule nililala fofofo, mpaka mama akaja kuniamsha.